Sauti Chini ya Feni

Mafundi seremala walimwita Futi, na jina likamganda mpaka wateja wakadhani ndilo alilopewa na wazazi wake. Lilitokana na ile futikamba aliyoichomeka kiunoni siku zote. Akiingia nyumbani kwa mtu, kabla hajaonyeshwa pa kukaa, alikuwa ameshapima dirisha. Kazi yake ilikuwa kuchora makabati: ya jikoni, ya nguo, ya maduka. Hakushika randa wala msumeno. Alikaa mbele ya kompyuta yake ya mezani, akajenga kabati humo ndani ubao kwa ubao, akatia bawaba na vishikio, akaingiza na mwanga wa dirishani, kisha akaiamuru mashine imtolee picha ambayo mteja akiiona hudhani jiko lake limeshajengwa. Hatua hiyo ya mwisho aliiita kupika. "Picha iko jikoni," alikuwa akimwambia seremala kwenye simu, "niache iive."

Shida ni kwamba kila picha ilipokuwa ikiiva, kompyuta iliunguruma. Feni yake ndogo, ile iliyokuja nayo kutoka kiwandani, ilizunguka kama inakimbizwa, na ngurumo hiyo ikajaa sebuleni kuanzia asubuhi hadi jioni. Futi alikuwa ameizoea. Aliishi peke yake tangu alipoachana na mumewe, na pengine kelele ile ilimfaa, ilikuwa kama kuna mtu mwingine ndani ya nyumba. Jirani wa upande wa pili wa ukuta alimuuliza siku moja kama ana mashine ya kusaga. Futi alicheka, akasema ndiyo, anasaga mbao.

Halafu mama yake akaja kukaa naye.

Mama huyu mtaani kwake alijulikana kama Redio. Kwa miaka mingi aliuza vitambaa katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na hakuwahi kuweka bango mlangoni kwa sababu hakulihitaji. Mzigo mpya ukifika, aliutangaza akiwa amekaa kwenye kiti chake, na mtu aliyekuwa mwisho wa barabara akajua kwamba lasi ya bluu imeingia na kwamba mahameli yamebaki kipande tu. Alikuwa akibishana na wateja, akiwatania, akiwasifia, akiwafukuza, yote kwa sauti ileile. Watoto wake wawili, Futi na kaka yake, walikua wakijua hakuna siri inayoweza kusemwa katika nyumba ile.

Asubuhi moja alikuwa akikunja jora la kitambaa, mkono wa kulia ukalegea. Akajaribu kumwita jirani, mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Alipotoka hospitali alikuwa anaweza kutembea akishikwa, mkono wa kulia ulikuwa mzito, na sauti ilikuwa imekatika ikabaki mnong'ono. Kibaya zaidi, maneno yalikuwa yamechanganyika. Alitaka kijiko, akasema ufunguo. Alitaka maji, akasema dirisha, kisha akajisikia alivyosema, akafumba macho kwa uchungu. Baada ya muda akapunguza kusema. Watu waliokuja kumwona walimsalimu, wakangoja jibu kidogo, wakageukia Futi na kuendelea na mazungumzo juu ya kichwa chake.

Futi alimwekea kitanda sebuleni kwa sababu chumba kingine kilikuwa chembamba na kina ngazi mlangoni. Kwa hiyo kutwa nzima walikuwa pamoja, mmoja kwenye kiti chenye mikono karibu na dirisha, mwingine amempa mgongo akichora, na kati yao ile ngurumo.

Alasiri moja Futi alikuwa na kazi ya mteja mwenye haraka, kabati za duka la dawa. Picha ilikuwa inapikwa, feni imepandisha sauti hadi mwisho. Alipogeuka kuchukua kikombe chake, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Mama alikuwa chini. Alikuwa ameteleza kutoka kwenye kiti, amelala kwa ubavu, shavu limegusa sakafu, na alikuwa akimtazama. Hakuwa analia. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Futi alipiga magoti, akainamisha sikio karibu kabisa na mdomo wake, ndipo akasikia. Mama alikuwa akimwita. Kwa jina lake hasa, lile la utotoni, ambalo siku hizi hakuna mwingine aliyelitumia. Alikuwa amelipata neno sahihi na alikuwa akilirudia, bila shaka kwa muda mrefu, hatua chache tu nyuma ya mgongo wa binti yake.

Hakuumia. Futi alimwinua, akamfuta shavu, akamkalisha, akamwekea mito pande zote mbili. Kisha akaenda akaizima kompyuta katikati ya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Sebule ikawa kimya. Alisimama hapo akihisi aibu.

Kesho yake, mwanamke aliyekuwa akija kumfanyisha Mama mazoezi ya viungo alipofika, Futi aliwaacha wawili, akachukua vipimo vya kasha la kompyuta na kwenda kwa fundi.

Fundi huyu alikuwa na duka dogo lililojaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Alimsikiliza Futi akieleza, akatikisa kichwa.

"Feni yako haina kosa," alisema. "Ni ndogo tu. Unaibebesha kazi ya punda. Prosesa ikichemka, feni inakimbia. Ikikimbia, inapiga kelele. Unataka hii."

Akamtolea boksi. Ndani yake mlikuwa na kipoza joto kikubwa kama tofali: mapezi membamba ya alumini yaliyopangwa kama kurasa, vijibomba vya shaba vilivyopita katikati yake, na feni pana ubavuni.

"Feni kubwa inazunguka polepole," fundi alieleza. "Inasukuma upepo mwingi bila kupaza sauti."

Futi alichomoa futikamba akapima urefu wake.

"Unanipimia bidhaa yangu?" fundi aliuliza.

"Nataka kujua kama mfuniko utafunga."

"Utafunga?"

"Utafunga, na kati yake kidole kitapita."

Fundi alicheka, akasema wateja wote wangekuwa hivyo angelala mapema. Lakini kumfungia hakuweza, si wiki ile, na Futi aliiona mwenyewe foleni ya makasha iliyopangwa hadi mlangoni. Kuiacha mashine hapo hakungewezekana. Maseremala wa duka la dawa walikuwa wanasubiri michoro. Basi fundi akamweleza afanye mwenyewe. Alimwonyesha kwa mikono hewani: iwashe kidogo kwanza ili ile krimu ya zamani, ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni, ilainike, usije ukang'oa prosesa pamoja na feni. Safisha kwa spiriti. Weka krimu mpya kidogo, kama punje ya dengu. Skrubu zikaze kwa mshazari, hii kisha ya kule, taratibu.

"Na usikaze kama unafunga tairi la lori," alimalizia.

Jioni hiyo kaka yake alipiga simu. Kaka alikuwa mwalimu wa udereva, na kazi ilikuwa imemwingia mwilini: hata akiwa kwenye kiti cha nyumbani, mtu akisita kusema jambo, mguu wake ulikanyaga breki isiyokuwepo na mdomo wake ukamalizia sentensi ya mwenzake. Alikuwa mtu mwema. Alimpenda mama yake na alikuwa akimhurumia dada yake. Futi aliweka simu mezani kwa sauti ya wazi kwa sababu mikono yake ilikuwa inamkatia Mama kucha.

"Mdogo wangu, unachoka," Kaka alisema. "Jumapili nakuja, tuzungumze. Mimi nina chumba, wifi yako yuko nyumbani kutwa. Tumlete huku."

"Sijui, Kaka. Amenizoea."

"Amezoea nini? Tuseme ukweli. Mama haelewi tena. Hata ukimwambia hapa ni kwako au ni kwangu, haoni tofauti."

Futi alimaliza kucha aliyokuwa nayo. "Najua," alisema.

Mkono wa Mama ulikuwa umetulia ndani ya mkono wake.

Jumamosi asubuhi Futi aliondoa kila kitu mezani akatandika shuka la zamani. Alimsogeza Mama mpaka ukingoni mwa meza ili asimpe mgongo tena. Yule mwanamke wa mazoezi alikuwa amesema mkono wa kulia upewe vitu vidogo vya kushikashika, vifungo au njugu, basi Futi akampa bakuli la plastiki alipakate.

"Mama, wewe ndiye bohari leo. Skrubu zote zinakuja kwako."

Mama alilitazama bakuli, akaliweka vizuri katikati ya mapaja yake.

Kasha lilipofunguliwa, vumbi lilikuwa limelala ndani kama sufi. Futi alilipuliza dirishani. Akazigeuza zile nguzo nne za plastiki zilizoshika feni ya zamani, akaivuta, ikatoka kwa shida huku ikiacha krimu iliyokauka kama chokaa. Aliisafisha kwa pamba na spiriti mpaka uso wa prosesa ukang'aa. Kisha akagundua jambo ambalo fundi hakulitaja: kipoza kipya kilihitaji bamba la chuma nyuma ya mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vyote, na kwenye kasha lake hapakuwa na tundu la kufikia huko nyuma. Ilibidi ubao wote utoke.

Aliketi kidogo, akaitazama ile misitu ya nyaya. Akaipiga picha kwa simu kila upande. Akaanza kuchomoa.

Skrubu moja baada ya nyingine zilikwenda kwa Mama. Futi alimwekea kiganjani, Mama akazisogeza kwa vidole vizito mpaka zikaanguka bakulini, na kila moja ilipolia alikuwa akitikisa kichwa kidogo kama anayepokea mzigo. Moja ilimponyoka. Futi alipoinama kuitafuta, Mama alimwonyesha kwa mguu ilikokwenda.

Ubao ukatoka, bamba likafungwa, ubao ukarudi. Mchana ulikuwa umefika na mgongo wa Futi ulikuwa unauma. Alitoa kile kipoza kwenye nailoni yake, akakilaza kichwa chini mezani, mbele ya Mama, kitako chake cha shaba kikitazama juu. Akafungua karatasi ya maelekezo, ambayo haikuwa na neno hata moja, michoro mitupu. Akaanza kuisoma.

"Menya," Mama alisema.

Futi aliinua macho. Ilikuwa nadra Mama kusema bila kuulizwa. Alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto kuelekea mezani. Kule mezani, nyuma ya kipoza, palikuwa na sahani ya machungwa.

"Unataka chungwa?"

"Menya."

Futi alifuta mikono, akalimenya chungwa haraka, akaligawa, akampa kipande. Mama alikitazama. Alikirudisha kwenye sahani, akanyoosha kidole tena.

"Menya. Menya hi-hii."

"Nimeshamenya, Mama. Hili hapa. Kula."

Alimsogezea kipande mdomoni kama anavyolishwa mtoto. Mama aligeuza uso, na kwa ule mkono wake mzima akausukuma mkono wa Futi, kipande kikaanguka juu ya shuka, karibu na nyaya.

"Mama, tafadhali," Futi alisema. Sauti yake ilitoka kavu kuliko alivyokusudia. "Maji ya chungwa yakiingia humu nimekwisha. Niache nimalize. Tafadhali."

Mama akashusha mkono. Aliutazama mdomo wa binti yake, kisha akatazama dirishani.

Futi aliweka krimu, kama punje ya dengu. Alikishusha kipoza juu ya prosesa kwa mikono miwili, akakaza skrubu kwa mshazari, hii kisha ya kule. Alifunga feni ubavuni, akachomeka waya wake, akarudisha nyaya zote akilinganisha na picha za simu. Mfuniko ulifunga, na kidole kilipita. Akabonyeza swichi.

Alidhani haijawaka. Aliinama akaona taa ndogo ya bluu, akaona feni pana inazunguka kivivu, kama mtu anayetembea baada ya kula. Skrini ikaamka. Kutoka dirishani akasikia mtu anafagia uwanja, jambo ambalo hakuwahi kulisikia akiwa kazini.

"Mama, sikiliza," alisema. "Kimya."

Mama hakugeuka.

Futi alifungua michoro ya duka la dawa, akaiamuru mashine ipike. Pembeni mwa skrini aliweka kile kidirisha kinachoonyesha joto la prosesa. Namba ikapanda. Alijiambia itatulia. Ikaendelea kupanda, mbio kuliko hata siku za feni ndogo, ikawa nyekundu, na kabla hajafikia kipanya skrini ikazimika. Mashine yote ikafa.

Alibaki amekaa akijiona kwenye kioo cheusi. Kazi ya siku nzima, maseremala Jumatatu, na sasa pengine ameiunguza prosesa. Alichomoa waya wa umeme, akafungua mfuniko, akalegeza tena skrubu zile. Kipoza kilipotoka alikigeuza kukitazama kitako. Krimu ilikuwa imetandaa vizuri. Akaifuta kwa pamba, na chini ya pamba kitu kikateleza. Pembeni mwa ile shaba kulikuwa na kijiulimi chembamba cha nailoni. Alikishika kwa kucha akavuta, na ngozi nzima ya nailoni isiyoonekana kwa urahisi, ile ya kukinga mikwaruzo safarini, ikabanduka mkononi mwake. Alikuwa ameifunga ndani, kati ya prosesa na shaba. Ni kama kumvalisha koti mtu unayetaka apoe.

Akaitazama ile nailoni. Akaitazama sahani ya machungwa, na mahali kipoza kilipokuwa kimelala mwanzoni, kati ya sahani na kiti cha mama yake.

"Menya," Futi alisema polepole.

Mama aligeuka kutoka dirishani.

Maisha yake yote yule mwanamke alikuwa amefungua mizigo iliyofungwa nailoni. Aliiona inavyong'aa kabla binti yake mwenye kupima kila kitu hajaiona. Akalitafuta neno, likaja la karibu yake, akalisema tena na tena, akaletewa tunda.

Futi aliketi sakafuni kando ya kiti, nailoni bado mkononi. "Uliiona. Ulikuwa unaniambia nibandue."

"Ba..." Mama alisema. Alikwama, akajaribu tena. "Bandua."

"Bandua, ndiyo."

"Bandua," Mama alirudia, safari hii bila kujikwaa, na akashusha pumzi kama aliyetua jora zito.

Futi alikuwa anakumbuka mambo, na hayakuja moja moja. Simu za rafiki zake, alipokuwa akisema Mama amekuwa kama mtoto mchanga. Wageni waliouliza kama anajitambua, naye akajibu, "Wakati mwingine." Na ile juzi, kucha mkononi: najua.

"Mama. Unasikia tunayosema? Mimi na Kaka, na watu wote?"

Mama alimpa jicho lile alilokuwa akimpa mteja anayeuliza kama kitambaa kitachuja.

"Yote," alisema.

Futi aliweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, karibu na bakuli la skrubu, akalia. Aliomba radhi, akaanza kujieleza, akaona maelezo hayana maana, akaacha. Mkono mzito wa kulia ulipanda taratibu ukamkalia kichwani. Baadaye Mama akaligonga bakuli kwa kucha, skrubu zikalia ndani yake. Futi alielewa: kazi haijaisha.

Krimu iliyobaki kwenye kichupa ilitosha. Safari hii Futi alikigeuza kitako cha kipoza mbele ya macho ya Mama kama anayeonyesha kitambaa upande wa ndani, akangoja mpaka alipotikisa kichwa kukubali. Kisha akafunga. Prosesa ilikuwa salama. Picha ya duka la dawa ikapikwa mpaka ikaiva, joto likatulia chini, na feni haikuinua sauti.

Ndipo siku hiyohiyo, jioni kabla ya kuwasha taa, Futi akasikia kitu kingine. Alikuwa anachora, hajageuka. Nyuma yake kulikuwa na mnong'ono, mdogo, wa mfululizo, unaosimama na kurudi nyuma. Alishusha mikono akasikiliza.

"Hariri," Mama alikuwa akisema. "Hariri. La... lasi. Maha... mahameli. Pamba. Pamba nzito. Shashi." Akakosea mahali, akarudi mwanzo. "Hariri. Lasi."

Alikuwa akifanya mazoezi. Alikuwa akiyapanga maneno yake rafuni, jora kwa jora, na kwa namna alivyoyafuata bila kuyatafuta ilionekana hakuanza leo. Alikuwa akisema hivyo kila siku, pengine tangu siku aliyoletwa, na ngurumo ya ile feni ilikuwa imemfunika.

Futi hakugeuka. Aliogopa akigeuka Mama ataacha.

Jumapili Kaka alikuja. Alimsalimu Mama kwa kumshika bega, akaketi, akafungua mazungumzo moja kwa moja. Chumba kiko tayari. Wifi amekubali. Wiki ijayo anaweza kuja na gari.

"Muulize mwenyewe," Futi alisema.

"Nimuulize nani?"

"Mama. Ni yeye tunayemzungumzia, na yuko hapa."

Kaka alimtazama dada yake kwa huruma, kisha, ili kumridhisha, akamgeukia Mama na kupaza sauti kama anayesema na kiziwi. "Mama, unataka kuja kukaa kwangu?"

Mama alianza. Midomo ilijipanga, pumzi ikaja, neno halijaja.

"Anasema anataka..." Kaka alianza.

Futi aliweka mkono kwenye goti lake, lile goti la breki. "Ngoja."

Wakangoja. Kaka hakujua kungoja. Alitazama dari, akatazama viatu vyake. Kompyuta ilikuwa inapika picha pale pembeni na hapakuwa na sauti ya kujifichia.

"Kwa... kwangu," Mama alisema.

Uso wa Kaka ulifunguka. "Umeona? Anasema kwangu. Anataka kuja kwangu."

Mama alitikisa kichwa kukataa, kwa nguvu. Akajipiga kifua kwa mkono wa kushoto. "Kwangu. Mimi. Nyumba. Vi... vitambaa." Kisha, akimtazama mwanawe wa kiume usoni, akaongeza neno ambalo hakuna aliyelitegemea. "Tofauti. Naona."

Kaka alikuwa kama mtu aliyepigwa kofi na asiyeweza kurudisha. Alijua maneno hayo yametoka wapi. Alisimama akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu bila kufungua bomba wala kugusa kikombe. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na hakuomba msamaha kwa maneno. Alipiga magoti mbele ya kiti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni, akasema, "Nyumba yako ina vizingiti virefu, Mama. Itabidi tuvivunje."

"Vunja," Mama alisema.

Futi naye alikuwa na lake la kumeza. Tangu jana yake alikuwa amejiandaa kumsikia mama yake akisema anataka kubaki naye. Hakusema hivyo. Iliuma, na kwa kuwa alikuwa mkweli alikiri moyoni kwamba iliuma, kisha akachomoa futikamba na kuuliza kama kuna anayekumbuka mlango wa bafu la Mama una upana gani.

Maseremala wake walimsaidia. Walisawazisha vizingiti, wakafunga vishikio vya mbao ukutani kutoka kitandani hadi bafuni, na katika chumba cha mbele wakatengeneza rafu za chini ambazo mtu aliyekaa anaweza kuzifikia kwa mkono wa kushoto. Futi alizichora mwenyewe, na kabla ubao haujakatwa alimwonyesha Mama picha kwenye skrini. Mama aliikataa ya kwanza. Mahameli, alieleza kwa kidole na nusu ya maneno, hayakai karibu na dirisha, jua linayafifisha. Ikapikwa nyingine.

Walihamia huko wote wawili, Mama na Futi. Futi alikodisha nyumba yake kwa mwalimu mmoja na mkewe, akaweka meza yake ya kazi katika chumba kinachofuata duka, mlango ukiwa wazi siku zote. Njiani aliipakata kompyuta mapajani, kwa hofu kwamba ule uzito wa kipoza ungevunja ubao barabara ikiwa mbaya, na Kaka akaendesha polepole kuliko mwanafunzi wake yeyote.

Sauti ya Redio haikurudi. Wateja wa zamani walikuja kwa wingi siku za mwanzo, wengine kwa ajili ya kumwonea huruma, na walizungumza na Futi kupitia mlango. Futi hakujibu. Aliendelea kuchora, akasema tu, "Mwenye duka ni huyo hapo." Wakalazimika kuinama. Wengine walikosa subira wakaenda kununua kwingine. Waliobaki walijifunza kuvuta kigoda, kukaa karibu na kungoja neno litoke, na alipotaja lasi akimaanisha shashi walimwonyesha zote mbili, naye akachagua.

Kaka huja kila Jumapili na wifi. Bado hawezi kujizuia. Mama akianza sentensi, yeye humalizia, na mara nyingi humalizia vibaya: akidhani anaitiwa chai, kumbe anaambiwa shati lake limefunguka kifungo. Mama humsubiri afike mwisho. Kisha huinua kidole cha mkono wa kulia, ambacho sasa kinainuka karibu sawasawa, na kuanza sentensi yake upya tangu neno la kwanza.